Kuandaa maziwa kwa pampu kabla mtoto hajafika: mwongozo hatua kwa hatua

Unaasili mtoto, au mtoto wako anabebwa na mama mwingine, na unataka kumnyonyesha mwenyewe. Inawezekana. Titi linaweza kutoa maziwa bila mimba, mradi lichochewe mara nyingi kila siku kwa wiki kadhaa mfululizo. Maswali ya wanaoanza ni yale yale: nianze lini, nikamue mara ngapi, mbona hakitoki kitu, nimeze dawa gani. Yamejibiwa hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe.

Weka matarajio yako sawa kwanza. Wengi wanaoanzisha maziwa bila kuzaa hawafikii kiasi chote anachohitaji mtoto. Wengine hupata nusu, wengine vijiko vichache kwa siku, wachache hutosheleza. Aliyewahi kuzaa au kunyonyesha mara nyingi huona maziwa mapema kuliko ambaye hajawahi. Kiasi chochote utakachopata kina faida, na hata mwenye maziwa machache anaweza kunyonyesha kila mlo kwa kutumia mrija wa nyongeza (hatua ya 9).

Kama una mimba, soma hapa tu

Usitumie ratiba iliyo chini. Kuchochea chuchu kunatoa homoni ya oksitosini, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayobana mji wa mimba. Kinachoruhusiwa kwa baadhi ya wajawazito ni kukamua dang'a (maziwa ya kwanza ya mama, mazito na ya njano) kwa mkono, bila pampu, kuanzia wiki ya 36 au 37, baada ya mkunga au daktari kukubali. Utafiti mkubwa wa Australia uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la The Lancet ulihusisha wanawake 635 wenye kisukari na mimba isiyo na hatari nyingine. Walioelekezwa kukamua walianza wiki ya 36, mara mbili kwa siku, dakika zisizozidi 10 kila mara, na watoto wao hawakulazwa wodi ya watoto mahututi zaidi ya wengine. Kama kondo limekaa chini, umewahi kujifungua kabla ya wakati, mlango wa kizazi umeshonwa, unatokwa damu au una mimba ya pacha, usikamue kabisa. Ukisikia tumbo linabana, acha.

Wengine wote, tuendelee.

Kabla ya kuanza

*Muda.* Miezi 2 ya kukamua kabla mtoto hajafika ni kipimo kizuri. Ukitaka kutumia homoni kwanza, hesabu miezi 6 au zaidi. Ukiambiwa leo kwamba mtoto anakuja baada ya siku 10, anza leo hii. Kazi itaendelea akiwa mikononi.

*Daktari.* Usiruke hatua hii kwa sababu tu huna mimba. Mwombe akupime VVU, homa ya ini aina ya B, tezi ya shingo na kiwango cha prolaktini (homoni ya kutengeneza maziwa). VVU vinaweza kupita kwenye maziwa, na ukijua hali yako mapema utapangiwa matibabu kabla mtoto hajafika. Mweleze dawa zote unazotumia, maana baadhi ya dawa za saratani na za mionzi haziendani kabisa na kunyonyesha. Mwambie pia kama umewahi kupunguzwa matiti kwa upasuaji, au kama matiti yako ni membamba, yameachana sana na hayakukua wakati wa kubalehe; huenda tishu ya maziwa ni chache, na ni vizuri kulijua hilo tangu mwanzo.

*Vifaa:*

- Pampu ya umeme inayokamua matiti yote mawili kwa pamoja. Kama unaweza kukodi ile nzito inayotumika hospitalini, ikodi kwa miezi ya mwanzo. Pampu ya mkono na zile ndogo za kuvaa ndani ya sidiria ni za kusaidia safarini. Hazifai kuwa ndizo za kuanzishia maziwa.
- Faneli, yaani vikombe vya pampu vinavyokaa juu ya chuchu, zinazokutosha (hatua ya 1).
- Valvu za akiba (vipande vidogo vya mpira vinavyoshikilia mvuto wa pampu) angalau jozi mbili. Hiki ndicho kipuri kinachosahaulika kuliko vyote.
- Sidiria ya kukamulia yenye matundu ya kushika faneli, ili mikono ibaki huru.
- Mabomba ya sindano ya mililita 1 na 5, bila sindano zake, kwa ajili ya matone ya mwanzo.
- Mifuko au chupa za kuhifadhia, na kalamu ya kuandikia tarehe.
- Beseni na brashi zitumike kwa vifaa vya maziwa tu.
- Rula yenye milimita, na daftari.

Hatua

1. Pima chuchu, kisha chagua faneli

Pima kabla ya kukamua, chuchu ikiwa haijavimba. Weka rula kwenye shina la chuchu na usome upana wake kwa milimita, bila kuhesabu duara jeusi. Ongeza milimita 1 hadi 3. Hiyo ndiyo saizi ya kuanza nayo. Pima pande zote mbili, maana si ajabu zikatofautiana.

Pampu nyingi huja na faneli za milimita 24 au 28, na watu huzitumia hivyo hivyo kwa sababu ndizo zilizokuwemo kwenye boksi. Mwenye chuchu ya milimita 16 akitumia faneli ya 28, nusu ya duara jeusi huvutwa ndani, linavimba, na maziwa hayatoki. Faneli ikiwa ndogo mno, chuchu inasugua ukutani na kuchubuka. Iliyo sawa unaitambua hivi: chuchu inaenda mbele na kurudi bila kugusa sana pembeni, duara jeusi halivutwi ila kidogo, na ukimaliza hakuna pete nyekundu wala weupe. Kama huwezi kununua saizi nyingine, kuna vipete vya silikoni vya kuingiza ndani ya faneli ili kupunguza upana.

2. Safisha vifaa

Osha sehemu zote zinazogusa titi au maziwa kwa maji ya moto na sabuni ndani ya beseni lake, usiziweke moja kwa moja kwenye sinki. Suuza, kisha anika kwenye kitambaa safi zikauke kwa hewa. Mara moja kwa siku zichemshe dakika 5. Mpira mwembamba unaopeleka hewa hauoshwi kama haujaingia maziwa. Ukishachemshwa huwa mgumu kukauka ndani na kuvu huota.

3. Anza kwa mkono

Dakika 2 au 3 kabla ya pampu, osha mikono, weka kitambaa cha uvuguvugu juu ya titi, kisha papasa taratibu kuanzia kwapani na kifuani kuelekea kwenye chuchu. Papasa, usikande kama unga. Kukandamiza kwa nguvu kunaumiza tishu na kuleta uvimbe.

Sasa weka kidole gumba juu na cha shahada chini, sentimita 2 hadi 3 nyuma ya chuchu, vikae kama herufi C. Sukuma vidole kurudi kifuani, vibane pamoja, achia. Usiviteleze juu ya ngozi. Rudia mara kadhaa, zungusha vidole upande mwingine, rudia. Siku za mwanzo hakitatoka kitu. Jifunze tu mkono unavyokwenda, kwa sababu matone ya kwanza kabisa huonekana kwa mkono kabla ya kuonekana kwenye pampu.

4. Weka nguvu ya pampu

Anza na hali ya kuchochea, ile yenye mivuto ya haraka na myepesi. Baada ya dakika 2 hivi hamia hali ya kukamua, yenye mivuto mirefu na ya polepole. Pandisha nguvu kidogo kidogo mpaka uhisi inaanza kukukera, kisha rudisha ngazi moja. Hapo ndipo pako.

Kosa kubwa la wanaoanza liko hapa. Mtu haoni maziwa, anaongeza nguvu. Anaumia, mwili unakaza, oksitosini inazuiwa, na kesho yake anaahirisha kukamua kwa sababu chuchu zimechubuka. Kinacholeta maziwa ni idadi ya mara unazokamua. Nguvu ya juu inaleta vidonda tu.

5. Jenga ratiba kwa wiki tatu

- Wiki ya 1: mara 4 kwa siku, dakika 5 kila mara. Mwisho wa wiki fika dakika 10.
- Wiki ya 2: mara 6, dakika 10 hadi 15.
- Wiki ya 3 na kuendelea: mara 8 kwa saa 24, dakika 15 kila mara, moja kati yake ikiwa usiku wa manane.

Mfano wa siku yenye mara 8: saa 12 asubuhi, saa 3 asubuhi, saa 6 mchana, saa 9 alasiri, saa 12 jioni, saa 3 usiku, saa 5 usiku na saa 9 usiku. Ya saa 9 usiku inachosha, lakini prolaktini, homoni inayoamrisha titi litengeneze maziwa, hupanda usiku. Ukilazimika kufuta moja, futa ya mchana.

Kama kazi haikuruhusu kufuata saa hizo, usihangaike na usawa wa mapengo. Kukamua saa 12 na tena saa 1 na nusu asubuhi kabla ya kutoka ni mara mbili halali. Kinachohesabiwa ni jumla ya siku. Dakika 15 mara 8 zina faida kuliko dakika 40 mara 3, ingawa jumla ya dakika ni ile ile: kila unapochochea titi prolaktini hupanda kisha hushuka, na mwili unajifunza kwa mipando hiyo.

Pampu ikiwa inafanya kazi, tumia mikono: bonyeza titi taratibu sehemu moja, shikilia sekunde kadhaa, achia, hamia nyingine. Malizia kwa dakika 1 au 2 za kukamua kwa mkono.

6. Vumilia wiki kavu

Wiki 1 hadi 4 bila tone ni kawaida kabisa, na kwa wengine huzidi hapo. Usikodolee chupa, ifunike kwa soksi kama lazima. Dalili kwamba kitu kinaendelea huja kabla ya maziwa: matiti mazito, mishipa ya bluu inayoonekana zaidi, duara jeusi kukolea, chuchu kuwa nyepesi kuhisi. Baadaye unaona unyevu, kitone kinachong'aa kwenye ncha ya chuchu, wakati mwingine kikiwa angavu kama maji au cha njano kidogo, kisha cheupe. Kikianza kujitokeza, kinyonye kwa bomba la sindano la mililita 1 moja kwa moja kwenye chuchu; ukikiacha kwenye faneli kitakauka ukutani.

Fahamu pia kwamba anayeanzisha maziwa bila kuzaa kwa kawaida hapitii dang'a. Maziwa yake hufanana na yale yaliyokomaa. Kama mama aliyemzaa mtoto yuko tayari kumpa dang'a ya siku za kwanza, na vipimo vyake viko sawa, ni jambo jema kulipanga mapema.

7. Ukiwa na maziwa, yasukume juu

Pima kwa jumla ya saa 24, kila siku, uandike. Mkamuo mmoja haukwambii kitu: asubuhi huwa mengi, jioni machache. Linganisha wiki na wiki.

Kiasi kikisimama mahali pamoja siku 4 au 5, badilisha mkamuo mmoja wa siku uwe wa saa nzima: kamua dakika 20, pumzika 10, kamua 10, pumzika 10, kamua 10. Fanya hivyo mara moja kwa siku kwa siku 3 hadi 7, halafu acha. Matokeo huchelewa siku kadhaa, kwa hiyo usihukumu siku ya pili.

Maji kunywa unavyosikia kiu. Kujilazimisha lita nyingi hakuongezi maziwa. Uwatu hupendekezwa sana, lakini ushahidi wake ni dhaifu, unashusha sukari ya damu na unaingiliana na dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye kisukari au pumu amuulize daktari kwanza.

8. Hifadhi

- Joto la kawaida la chumba, lisilozidi nyuzi 25: saa 4.
- Friji: siku 4. Weka nyuma kabisa, usiweke mlangoni.
- Friza: miezi 6 ni bora, hadi 12 yanakubalika.
- Yakishayeyushwa na kukaa friji: saa 24. Usiyagandishe tena.

Hifadhi vipimo vidogo, mililita 60 hadi 120, na siku za mwanzo hata 20. Acha nafasi juu ya chupa kwa sababu maziwa hutanuka yakiganda. Ukitaka kuunganisha ya asubuhi na ya mchana, poza kwanza yale ya mchana kwenye friji, kisha changanya. Tarehe inayoandikwa ni ya yale ya zamani zaidi. Kuyapasha, tumbukiza chombo kwenye maji ya uvuguvugu. Maikrowevu inaacha sehemu zenye moto mkali ndani ya maziwa yanayoonekana ya kawaida, na mtoto ataungua mdomo.

9. Mtoto akifika

Mweke kifuani ngozi kwa ngozi, na mpe titi mara 8 hadi 12 kwa siku. Kama anashika vizuri, mtoto huchochea titi kuliko pampu yoyote. Endelea kukamua baada ya kunyonyesha angalau mara 4 au 5 kwa siku mpaka uone kiasi kimetulia.

Mpe nyongeza titini penyewe: mrija mwembamba wa kulishia, saizi ya 5, mwisho mmoja ndani ya chupa ya maziwa, mwingine umebandikwa kwa plasta laini kwenye titi ili ncha yake ifike sambamba na ncha ya chuchu au ipite kidogo. Mtoto anavuta titi na mrija kwa pamoja. Chupa ikiinuliwa maziwa yanakimbia, ikishushwa yanapungua. Mrija usukumiwe maji ya moto yenye sabuni kwa bomba la sindano mara tu mlo unapoisha, kisha usuuzwe. Maziwa yakikauka ndani hayatoki tena.

Baada ya siku za kwanza, mtoto huhitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 3.5 ni mililita 525 hivi, ukijumlisha maziwa yako na nyongeza. Usipunguze nyongeza kwa kukisia. Pima uzito: gramu 20 hadi 30 kwa siku katika miezi ya mwanzo ni mwendo mzuri, pamoja na nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa saa 24. Akiongezeka hivyo, punguza mililita zisizozidi 50 kwa siku nzima, subiri siku chache, pima tena. Mtoto anayelala sana, asiyelia na mwenye nepi kavu hajatulia; ana njaa, mpeleke kituo cha afya.

Kuhusu dawa na homoni

Mpango unaotajwa zaidi ulitungwa Kanada na daktari Jack Newman pamoja na Lenore Goldfarb. Mantiki yake ni kuuigizia mwili mimba: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na projesteroni humezwa mfululizo kwa miezi kadhaa, bila kumeza vile visivyo na dawa, pamoja na domperidoni inayopandisha prolaktini. Wiki 6 hivi kabla mtoto hajafika, vidonge vya uzazi wa mpango vinaachwa, domperidoni inaendelea, na pampu inaanza. Kuacha vidonge kunafanana na kondo kutoka, na ndipo prolaktini inapopata nafasi. Tegemea kutokwa damu kama hedhi siku chache baadaye.

Usijinunulie. Vidonge vyenye estrojeni havifai kwa aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa, mwenye shinikizo la damu, saratani ya matiti, kipandauso chenye vimulimuli machoni, au mvutaji sigara aliyezidi miaka 35. Domperidoni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi ya kuitumia kuongeza maziwa, na mwaka 2014 ile ya Ulaya ilibana matumizi yake, hata kwa kichefuchefu, kuwa miligramu 30 kwa siku kwa muda mfupi. Mpango wa Newman na Goldfarb hufika miligramu 80. Kwa hiyo omba kipimo cha umeme wa moyo kabla, na mwambie daktari kama unameza erithromaisini au dawa za fangasi kama ketokonazoli na flukonazoli. Mchanganyiko huo ni hatari. Usiikate ghafla, ipunguzwe polepole, kwa sababu wapo waliopata wasiwasi mkali na kukosa usingizi baada ya kuiacha kwa mkupuo.

Metoklopramidi nayo huongeza prolaktini, lakini huweza kuleta sonona na mitikisiko ya misuli isiyozuilika. Aliyewahi kuugua sonona aikwepe.

Kukamua bila dawa yoyote kunafaa pia. Kunachukua muda zaidi, na mara nyingi kiasi huwa kidogo, lakini hakuna cha kukutia hofu ya moyo.

Mambo yakienda kombo

*Wiki 5 zimepita, hata tone.* Hesabu kwa ukweli umekamua mara ngapi kwa siku. Wengi wanaosema 8 daftari lao linaonyesha 5. Kama kweli ni 8, kagua faneli na valvu, kisha rudi kwa daktari kwa kipimo cha prolaktini na tezi ya shingo.

*Upande mmoja unatoa, mwingine mkavu.* Kawaida. Anza na ule mkavu kukamua kwa mkono, uongezee dakika 5 peke yake mara 2 kwa siku, na pima upya faneli ya upande huo.

*Pampu imepoteza nguvu.* Mara nyingi ni valvu, kwa hiyo anza nayo. Ile yenye mdomo wa bata iangalie kwenye mwanga: midomo ikiachana hata unywele mmoja, hewa inapita na mvuto unakufa. Kwa anayekamua mara 8, badilisha kila wiki 4 hadi 8. Ikiwa ni nzima, kagua kama mpira umechomekwa mpaka mwisho.

*Maji ndani ya mpira wa hewa.* Ni mvuke. Ukimaliza, chomoa chupa na uache pampu iende dakika 2 mpaka ukauke. Ukiona madoa meusi, huo ni kuvu. Tupa mpira, nunua mwingine.

*Chuchu inauma na kuwa nyeupe baada ya kukamua.* Mishipa ya damu imebana. Shusha nguvu, badilisha faneli, funika titi kwa kitambaa cha joto mara tu unapotoa pampu. Ikiwa ni mchubuko, paka maziwa yako au lanolini, na tia tone la mafuta kwenye faneli kabla ya kuanza.

*Donge gumu lenye maumivu.* Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, lala ukipata nafasi, endelea na ratiba ile ile. Usiongeze mikamuo ili “kulimaliza” na usilikandamize. Vyote viwili vinazidisha uvimbe. Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, wekundu unaotanuka au baridi ya mwili isiyoisha ndani ya saa 24: nenda hospitali.

*Maziwa ya friji yananuka sabuni.* Kimeng'enya kinachovunja mafuta kiko juu. Hayajaharibika, ila mtoto anaweza kuyakataa. Ya kesho yapashe mpaka viputo vidogo vitokee pembeni mwa sufuria, yapoze haraka, kisha gandisha. Yaliyokwisha kunuka hayarudi.

*Yana rangi ya waridi.* Damu kidogo kutoka kwenye mchubuko. Yanafaa. Ikiendelea zaidi ya siku chache bila kidonda, mwone daktari.

*Yamepungua ghafla.* Angalia kama hedhi imekaribia, kama umeanza dawa ya mafua yenye pseudoefedrini, au njia ya uzazi wa mpango yenye estrojeni. Zote hupunguza maziwa. Hedhi hupita yenyewe. Mbili za mwisho badilisha.

*Tarehe ya mtoto imesogezwa, au mpango umevunjika.* Usiache kukamua kwa ghafla, matiti yatavimba. Ukisubiri, shuka hadi mara 6 na gandisha. Ukiacha kabisa, ondoa mkamuo mmoja kila siku 2 au 3, wa usiku mwisho, na kamua kidogo tu pale titi linapobana mpaka lipate nafuu.

*Mtoto amekuja kabla hujapata kitu.* Mweke titini na mrija wa nyongeza tangu siku ya kwanza, kamua baada ya kila mlo dakika 10, na ratiba ya hatua ya 5 ichukulie kwamba tayari uko wiki ya 3.